Mzimu Hauna Funguo

Mtu anayefanya kazi katika jengo lililokuwa gereza ana taabu moja ambayo makarani wengine wa mjini hawaijui: hawezi kusema ukweli kwenye simu. Akipigiwa na mama mkwe saa nne za asubuhi na kuulizwa yuko wapi, akajibu kwamba yuko gerezani na atatoka saa kumi jioni, nyumbani patakuwa na vilio kabla ya adhana ya adhuhuri. Akisema yuko seli namba tatu anatafuta faili, ataulizwa kosa lake ni lipi na dhamana ni shilingi ngapi. Na simu yenyewe ikikatika katikati ya maelezo, jambo la kawaida kabisa kwa kuwa kuta zilizojengwa kuzuia mizinga haziwezi kushindwa na mtandao wa simu, ukoo mzima utakuwa umekwisha kuchangishana nauli. Vituko vya namna hii husimuliwa kazini kwa vicheko. Lakini vicheko hupungua jua likianza kuinama. Hapo watumishi walewale waliokuwa wakitaniana huanza kukusanya mikoba nusu saa kabla ya wakati, na kila mmoja anakuwa na adabu isiyo ya kawaida: tangulia wewe, bwana, hapana, tangulia wewe, dada. Hakuna anayetaka kuwa wa mwisho kupita kwenye ujia. Wakiulizwa sababu, hujibu kwa sauti ya chini kwamba jengo hili lina wenyewe.

Nataka kuwatetea hao wenyewe, maana wamesingiziwa siku nyingi na hawana wakili. Ubaridi unaopanda mgongoni ndani ya gereza la kale hauletwi na wafu wala majini. Unaletwa na fundi mwashi. Gereza ni jengo lililokusudiwa kumfanya mtu ajione mdogo, ajione peke yake, na asijue nani anamtazama. Siku serikali ilipowaondoa wafungwa na kuleta meza, kompyuta na kalenda ya benki, hakuna aliyeliambia jengo kwamba limestaafu. Linaendelea na kazi yake kila siku, sikukuu na Jumapili zikiwemo, bila mshahara na bila likizo. Ndiyo kusema nywele zinazosimama katika ujia ule ni ushahidi wa ustadi wa ujenzi, na ukimhoji vizuri shahidi huyo juu ya yaliyotokea humo zamani, atajikanyaga.

Tuanze na historia, maana mizimu nayo lazima iwe na wasifu. Wanaisimu wanatuambia kwamba neno gereza limetokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Ngome za Wareno zilikuwa na kanisa ndani, watu wa pwani wakaliita jengo zima kwa jina hilo, na ngome zilipogeuzwa kuwa mahali pa kufungia watu, jina likabaki na maana ikahamia upande wa pili. Kilwa Kisiwani ngome ya ufukweni inaitwa Gereza mpaka leo. Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, ikawa kambi na gereza, mwanzoni mwa karne ya 20 ikatumiwa na mafundi wa reli ya Bububu, baadaye ikawa klabu ya wanawake, na leo watu hulipa kiingilio kwenda kusikiliza taarabu humo. Jengo hilo limebadilisha kazi mara nyingi kuliko kijana aliyeingia mjini bila cheti. Ngome ya Yesu mjini Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ikazingirwa tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, ikawa gereza la Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958, kisha ikafanywa makumbusho. Ngome ya Lamu ilianzwa mwaka 1813 na kukamilika 1821. Ikawa gereza kutoka 1910 hadi 1984.

Sasa tazama jambo la ajabu. Ikiwa kila aliyeteseka au kufa mahali huacha mzimu wake hapo, basi ndani ya Ngome ya Yesu foleni ingekuwa ndefu, na wa mbele kabisa wangekuwa watu wa ule mzingiro wa karibu miaka mitatu, ambao njaa na maradhi viliwamaliza zaidi ya risasi. Lakini sijapata kusikia mtu akilalamika kwamba usiku amenong'onezwa kwa Kireno. Sijasikia pia kwamba katika Ngome Kongwe kuna fundi reli aliyefariki anayezunguka akiomba spana. Mzimu wa majengo haya siku zote ni mfungwa, na mfungwa wa kawaida tu, aliyevaa nguo nyeupe zisizo na namba, anayekokota mnyororo. Mbona mapadri, mabaharia, masultani na mafundi wamepumzika salama, ila mfungwa tu ndiye haachi kazi? Jibu langu ni kwamba mzimu huyu hakuzaliwa na historia ya jengo. Amezaliwa na kile ambacho mwili wa karani unakipokea anapovuka kizingiti, kisha akili ikamtafutia mwenye kufaa kubebeshwa lawama. Kibao mlangoni kinasema hapa palikuwa gereza. Mfungwa ndiye mshukiwa wa karibu. Hata baada ya kufa, maskini, bado anakamatwa kwa kosa asilolitenda.

Tuingie ndani, basi, mchana kweupe, tuone mwili unapokea nini. Karani ametoka kwenye jua la Januari la pwani, jasho likimtiririka, na anaingia katika chumba cha mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta mnene hunywa joto polepole na kulitoa polepole, kwa hiyo ndani ni baridi kuliko nje, na shati lililolowa jasho linakamilisha kazi: anazizima. Macho nayo hayajafika. Jicho la binadamu linahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa, na karani huyu ametumwa faili la haraka, hana hata dakika mbili. Katika muda huo ubongo unajaza wenyewe yale ambayo jicho halijaleta, na ubongo wetu una uraibu wa kuona nyuso. Huziona hata kwenye soketi ya umeme. Ukutani chumvi na unyevu vimechora ramani zenye pua na midomo. Akipiga hatua, ndala zake zinagonga sakafu, sauti inakwenda hadi kwenye dari la tao na kurudi ikiwa imechelewa kidogo, ili asikie kwamba kuna mwingine anayetembea nyuma yake kwa ndala za namba ileile. Akisimama kusikiliza, yule wa nyuma naye anasimama. Halafu popo anajigeuza, punje ya chokaa inadondoka juu ya jalada, na karani anatoka bila faili. Ofisini ataandika kwamba faili halionekani, na kwa hilo atakuwa amesema kweli tupu.

Lakini baridi, giza na mwangwi ni utangulizi tu. Kiini cha jambo kiko mlangoni. Mlango wa nyumba una komeo ndani. Mlango wa seli una komeo nje. Tofauti hiyo ya nusu hatua ndiyo inayotenga mwenye nyumba na mfungwa, na mwili unaijua kabla mtu hajaifikiria. Ndiyo maana ajali kubwa ya majengo haya, inayosubiri kila mtumishi mwenye bidii, ni ya mlango kujirudi. Bawaba za zamani zilitengenezwa ili mlango uwe mzito na uelekee kufunga. Upepo wa bahari ukisaidia kidogo, komeo linaanguka mahali pake kwa mlio ambao ulikusudiwa usikike hadi mwisho wa ujia. Aliyefungiwa anapiga kelele. Kuta zilijengwa mahsusi ili kelele hizo zisimsumbue mtu. Anatoa simu, mtandao hakuna. Anatazama dirisha, liko juu ya kichwa, lina nondo, na linaonyesha kipande cha anga kisichoweza kumsaidia. Kwa robo saa nzima ofisa wa serikali mwenye kitambulisho shingoni anakuwa mahabusu, na katika robo saa hiyo anaamini mizimu yote aliyoikana ujana wake. Hali anayemhitaji ni mlinzi, ambaye amekwenda kunywa chai na maandazi. Mzimu hauna funguo. Funguo anazo mlinzi, na zamani alikuwa nazo askari jela, na kabla yake kulikuwa na mtu aliyeketi mezani na rula akaamua komeo likae upande gani.

Mtu huyo mwenye rula hakuwa akibahatisha. Mwaka 1791 Mwingereza Jeremy Bentham alichapisha mpango wa gereza la duara, ambamo mlinzi mmoja aliyekaa katikati angeweza kumwona kila mfungwa, na mfungwa asiweze kamwe kujua kama wakati huo anatazamwa au la. Katika gereza la Eastern State, lililofunguliwa Philadelphia mwaka 1829, kila seli ilikuwa na tundu la mwanga darini, watu wakaliita Jicho la Mungu. Wahunzi wa hofu walijua kazi yao. Ile hisia ya kutazamwa kisogoni, ambayo karani wa leo huisimulia kana kwamba ameletewa habari kutoka kuzimu, ilichorwa mezani, ikapitishwa na kamati, ikagongwa muhuri na kulipiwa kwa kodi za wananchi. Ngome zetu za pwani hazikuchorwa na wanafunzi wa Bentham, zilikuwa za vita kwanza, lakini ngome na gereza ni ndugu wa tumbo moja: zote zina mlango mmoja, madirisha machache na mtu juu anayetazama chini. Kinachobadilika ni nani anayeogopewa, wa nje au wa ndani.

Upo hata ushahidi wa maabara, na mimi naupenda kwa sababu umetolewa na feni. Mwaka 1998 mhandisi wa Kiingereza, Vic Tandy, na mwenzake walichapisha makala kuhusu maabara aliyokuwa akifanyia kazi, ambayo watumishi waliamini kwamba ina mzimu. Yeye mwenyewe, akiwa peke yake usiku, alitokwa na jasho la baridi na kuona kitu cha kijivu pembeni ya jicho, kikatoweka alipogeuka. Kesho yake alibana upanga mwembamba wa mchezo wa vitara kwenye jiliwa ili autengeneze, na upanga ukaanza kutetemeka wenyewe. Mtu mwingine angeita mganga. Yeye akachukua vipimo. Akagundua kwamba feni ya kutolea hewa ilikuwa ikitoa mtetemo wa mara 19 hivi kwa sekunde, chini kidogo ya kiwango ambacho sikio la binadamu huanza kusikia, na mtetemo huo ulikuwa ukisimama palepale katikati ya chumba. Feni iliporekebishwa, mzimu ukaacha kazi. Sidai kwamba kila ngome ya kale ina feni iliyojificha. Nasema tu kwamba mwili unaweza kuogopa kwa dhati kitu ambacho kina waya, swichi na risiti ya dukani.

Hapa mzee wa mtaa atanikatiza, na ana haki ya kufanya hivyo. Atasema: wewe umesoma sana, lakini majini yapo, na dini imesema yapo. Sina ugomvi na mzee, na wala sijasema hayapo. Namwuliza tu, kwa heshima, kwa nini yakae ofisini. Kwa mapokeo yetu wenyewe, makazi yanayosifika ni mibuyu, mapango, magofu na visima vilivyoachwa, mahali penye utulivu na pasipo mikutano ya tathmini. Na yule aliyevuma kuliko wote visiwani, Popobawa, aliyezusha taharuki kubwa Pemba na Unguja mwaka 1995, hakuvamia magereza wala ofisi. Alitajwa majumbani, vitandani mwa watu, mpaka familia zikatoka kulala nje kwa makundi. Kama tungefuata ushahidi wa mapokeo, basi mtu angekimbia nyumbani akalale ofisini. Kiumbe mwenye uwezo wa kupita ukutani, na mwenye dunia nzima ya kuchagua, hachagui kukaa katika chumba cha baridi chenye majalada ya mwaka 1962. Anayekaa humo ni yule asiyeweza kutoka, na huyo, zamani na sasa, ni binadamu.

Mwingine, fundi wa mantiki, atasema kwamba nimethibitisha kupita kiasi. Ikiwa baridi, giza, mwangwi na popo ndivyo vinavyotisha, basi kila jengo la kale lingetisha, na majengo ya kale yamejaa pwani yote. Naam, na ndiyo sababu ninamwalika atembee hatua chache kutoka Ngome ya Lamu aingie katika nyumba yoyote ya kale ya mji ule. Mawe ni yaleyale ya matumbawe, chokaa ni ileile, boriti ni zilezile za mikoko, vyumba ni vyembamba na vya giza, popo wanajulikana kwa ukoo. Watu wanazaliwa humo, wanaolewa humo, wanapika biriani humo, na mtoto wa miaka mitano anakatiza ukumbini usiku kwenda kunywa maji bila kumwamsha mtu. Tofauti iko wapi? Nyumba ya Lamu imewapa mgongo watu wa njiani ili kuwalinda walio ndani, na mlango wake hufungwa na anayelala humo. Ngome ya jirani ina ukuta wa jiwe hilohilo, lakini ilipokuwa gereza funguo zilikaa kwa asiyelala humo. Uzee wa jengo hautishi. Bibi ni mzee na tunamkimbilia. Kinachotisha ni jengo kuwa limekusudiwa dhidi yako.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote, na halina mzaha ndani yake. Linasema kwamba mateso huacha alama, kwamba mahali walipolia watu hapawi tena kama mahali pengine, na kwamba hofu yetu ni namna ya kuwakumbuka. Ningependa iwe hivyo. Lakini hebu tupime kwa mahali pawili. Pa kwanza ni Changuu, kisiwa kilicho mkabala na Mji Mkongwe. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, waziri mkuu wa Zanzibar enzi hizo, alikipata ili kijengwe gereza. Gereza likajengwa, na halikupata kuwekwa mfungwa hata mmoja. Likageuzwa kituo cha karantini, na baadaye mahali pa watalii kula. Wakazi wa kudumu ni kobe wakubwa ambao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Hao ndio pekee waliopewa kifungo cha maisha kisiwani, na hawajakata rufaa. Hata hivyo jina la Kisiwa cha Gereza limekwama, na mtu akiingia ndani ya zile kuta hushusha sauti na kujishika mabega. Anawahurumia wafungwa ambao hawakuwapo. Inaelezwa kwamba kabla ya hapo kisiwa kilitumika kuwazuilia watumwa. Hao waliteseka kweli, lakini mchangani ndipo mtalii anapotandika kanga, akala pweza na kuoga, bila unywele kusimama.

Pa pili ni Nairobi, katika jengo refu la Nyayo House. Lilijengwa kuwa la ofisi, lenye lifti na madirisha mapana, na wananchi wakapanda lifti hizo kufuata shughuli zao. Chini yake, katika miaka ya 1980, zilikuwako seli ambamo watu walioshukiwa kuipinga serikali walizuiliwa na kuteswa. Mwaka 2003 seli hizo zilifunguliwa watu wazione, na baadaye mahakama za Kenya ziliwapa fidia baadhi ya waliopitia humo. Mpaka leo watu hupanga foleni hapo kufuata pasipoti, na kinachowatia hofu ni kusahau picha ndogo na nakala ya kitambulisho. Wakati ule mateso yakiendelea, ghorofani makarani waligonga mihuri, wakaagiza chai, wakatazama saa. Hakuna ubaridi uliopanda ngazi kuwaambia. Nywele zao zililala kwa sababu ukuta ulipakwa rangi, taa iliwaka na dirisha lilitazama barabara.

Weka mahali hapo pawili kwenye mizani. Changuu, ambako gereza halikufunga mtu, panatisha kwa kuwa pana umbo la gereza. Nyayo House, ambako watu waliteswa, hapakutisha kwa kuwa pana umbo la ofisi. Ndiyo maana nimesema shahidi huyu anajikanyaga. Hofu yetu inapiga kelele pasipo na kitu na inalala pale inapohitajika. Na ubaya wake hauishii kwenye kukosea. Tukimgeuza mfungwa kuwa mzimu, tunamnyima jina kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alipewa namba. Sasa anapewa shuka jeupe na mnyororo, na anatumika kuwachekesha watalii au kumtisha mhudumu mgeni. Kumwogopa ni rahisi kuliko kufungua daftari na kusoma alikuwa nani, alishtakiwa kwa nini, alikaa muda gani. Katika kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, kilichofanywa makumbusho mwaka 1997, baadhi ya wanaowatembeza wageni ni watu waliowahi kufungwa palepale. Wana sababu kuliko sote ya kukimbia, na ndio wanaoingia kila asubuhi kazini, wakafungua mlango na kueleza. Kinachowakumbusha waliopita humo ni maelezo yao. Mtu anayetetemeka hana nafasi ya kusikiliza.

Lipo pingamizi la mwisho, la mkuu wa idara: kama jengo lenyewe ndilo adui, kwa nini tusihame, au tulibomoe tukajenga ghorofa la vioo? Kuhama hakusaidii sana, kwa sababu baadhi ya mambo ya gerezani tumekwisha kuyabeba sote, hata walio katika maghorofa ya vioo. Tunasaini daftari asubuhi, tunaomba ruhusa ya kutoka, tunahesabu siku hadi mwisho wa mwezi kama mtu anayehesabu siku za kifungo, na tuna nyapara, ingawa siku hizi anaitwa msimamizi wa kitengo. Kubomoa ni kubaya zaidi, maana ukiondoa jengo unaondoa ushahidi. Njia bora imekwisha kuonyeshwa Johannesburg. Pale juu ya kilima palikuwa na magereza ambamo Mahatma Gandhi na Nelson Mandela walipata kufungwa. Yalifungwa mwaka 1983. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipotafuta makao, majaji wakachagua hapohapo, na jengo lao likafunguliwa mwaka 2004. Jengo la mahabusu lilibomolewa, matofali yake yakajengewa ndani ya mahakama, na ngazi zake nne zikaachwa zimesimama. Ndani ya chumba cha kusikilizia kesi kuna dirisha refu la mlalo, na kupitia hilo mtu huona miguu ya wapita njia. Dirisha la seli huonyesha anga ili mtu ajue alichokikosa. Dirisha hili linawaonyesha majaji viatu, malapa na miguu mitupu ya wanaowahukumia, na chumba chote kinajua kwamba nje kuna watu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni nyepesi kutekeleza na haihitaji bajeti ya maendeleo. Kwa wenzangu wanaofanya kazi katika majengo haya: lihamishieni komeo upande wa ndani, kwa idhini ya wahifadhi, na kama wahifadhi wakikataa, wekeni gogo mlangoni. Wekeni taa inayowaka kabla ya mtu kuingia. Feni inayolia isifanywe mkutano wa maombi, aitwe fundi. Vyumba viitwe kwa kazi zake za sasa, ili mama mkwe asizimie tena, na mlangoni yawekwe majina ya waliofungiwa humo, yale ambayo madaftari bado yanayo. Na kwa sote, tulio katika majengo ya kale na tulio katika mapya yenye vigae na kiyoyozi, nina neno moja la kuaga. Nywele zikikusimama, washa taa. Zisiposimama, uliza chini kuna nini.